Kadi ya benki na ukumbi wa starehe JKIA: Je, ada hurudi?

NI nadra kwa msafiri kutoka Kilungu, Kaunti ya Makueni, kufika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) akiwa peke yake. Gari huteremka milima kutoka Nunguni kungali na umande, likajiunga na barabara kuu ya Mombasa pale Salama na kuingia uwanjani likiwa na msafiri mmoja na wasindikizaji wanane. Katika eneo la kuegesha magari maombi hufanywa, picha hupigwa na chai ya chupa hunywewa. Kisha msafiri huburuta sanduku lake na kuingia ndani, akiwaacha jamaa zake nje.

Huko ndani, baada ya ukaguzi wa mizigo na madawati ya uhamiaji, upo mlango ambao wengi hupita bila kuutupia jicho. Ni mlango wa ukumbi wa mapumziko. Nyuma yake kuna viti laini, chakula cha kujipakulia, vinywaji, intaneti na utulivu usiopatikana penye malango ya kuabiri ndege. Wanaoingia humo ni abiria wa daraja la juu, wateja wa siku nyingi wa mashirika ya ndege, wanaolipa pale mlangoni, na wale wenye kadi fulani za benki.

Kadi hizo za mkopo za hadhi ya juu zimekuwa zikinadiwa na benki kadhaa za Nairobi kwa wateja wenye mishahara minono, na wana wa Kilungu wamo miongoni mwao: madaktari, wahasibu, wahandisi na wahadhiri ambao hufanya kazi jijini na kurudi milimani wikendi kuangalia migomba na parachichi zao. Katika matangazo, kivutio cha kwanza kutajwa huwa ni hicho cha kuingia katika kumbi za viwanja vya ndege "bila malipo". Swali ni je, ada ya mwaka inayolipiwa kadi hiyo hurudi?

Jibu fupi ni kwamba hurudi kwa watu wachache mno. Jibu refu linahitaji kwanza kueleweka jinsi biashara hii inavyoendeshwa, kwa kuwa hapana benki inayomlisha mteja wake bure.

Mtandao mkongwe zaidi katika uwanja huu ni Priority Pass, ulioanzishwa mwaka wa 1992 na unaomilikiwa na kampuni ya Collinson ya Uingereza. Mtandao huo haukujengwa kwa kumiliki kumbi, bali kwa mikataba na wenye kumbi. Kila mara kadi inapokaguliwa mlangoni, mwenye ukumbi humdai mwenye mtandao, naye mwenye mtandao huidai benki iliyotoa kadi. Benki nayo hurejesha fedha zake kupitia njia nne: ada ya mwaka, kamisheni inayokatwa kwa wafanyabiashara kila kadi inapotumika, tofauti ya kubadilisha fedha za kigeni, na riba kwa wanaochelewa kulipa.

Njia hiyo ya nne ndiyo nzito, na ndiyo isiyoandikwa kwa herufi kubwa.

Thamani ya ziara moja inaweza kupimwa kwa bei ambazo mtandao wenyewe umezitangaza. Katika soko la Marekani mwaka wa 2024, uanachama wa kawaida wa Priority Pass uliuzwa kwa Dola 99 kwa mwaka, na kila ziara ikatozwa Dola 35 zaidi. Uanachama wenye ziara 10 ulikuwa Dola 329, na ule usio na kikomo Dola 469. Kwa kiwango cha takriban Sh129 kwa dola, kilichodumu kwa sehemu kubwa ya mwaka wa 2025, Dola 35 ni Sh4,515.

Tuseme basi kwamba ada ya kadi ni Sh20,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa Sh4,515, mwenye kadi anahitaji kuingia ukumbini mara tano ndipo aseme amerudisha fedha zake. Safari moja ya kwenda na kurudi yenye kituo kimoja cha kuunganisha ndege inaweza kumpa nafasi nne. Kwa hesabu hiyo, ambayo ndiyo wauzaji wa kadi huipenda, safari mbili kwa mwaka zingetosha.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina tundu. Sh4,515 ni bei ya ukumbi. Si kiasi ambacho msafiri angetumia kama ukumbi usingekuwapo. Mtu aliyezoea kununua chai na mandazi kwa Sh1,500 uwanjani, au kubeba chapati kutoka nyumbani, hakuokoa Sh4,515 kwa kuketi ndani. Ameokoa Sh1,500, au hakuokoa chochote. Kwa kipimo hicho cha pili, ada ya Sh20,000 inahitaji ziara 14 kwa mwaka. Anayesafiri kikazi kila mwezi atazifikisha. Anayekwenda Dallas mara moja baada ya miaka miwili kumwona dada yake hatazifikisha, hata akiingia katika kila ukumbi ulio njiani na kula hadi kiti kimlemee.

Na Sh20,000 si fedha za kudharau Kilungu. Kiwango rasmi cha karo kwa mwanafunzi wa bweni katika shule za kaunti kimekuwa Sh40,535 kwa mwaka. Ada ya kadi moja, basi, ni karibu nusu ya karo hiyo.

Riba nayo ina hesabu yake. Tuseme mwenye kadi amebeba deni la Sh100,000, na benki inatoza asilimia tatu kwa mwezi. Deni hilo litamgharimu Sh3,000 kila mwezi, yaani Sh36,000 kwa mwaka, bila kugusa hata senti moja ya deni lenyewe. Kiasi hicho kingemwingiza ukumbini karibu mara nane kwa bei ya mlangoni. Hii ndiyo sababu yeyote anayelipa sehemu tu ya deni lake kila mwezi hapaswi hata kuanza kujadili kumbi. Kwake kadi hiyo ni mkopo ghali uliofunikwa kwa kitambaa cha mezani.

Tofauti ya kubadilisha fedha nayo hufanya kazi kimyakimya. Anayelipa hoteli Dubai kwa kadi ya shilingi hukatwa asilimia fulani juu ya kiwango cha soko, na makato hayo hayaonekani kwenye risiti bali kwenye taarifa ya mwisho wa mwezi. Msafiri aliyefurahia mlo wa bure JKIA anaweza kuwa ameulipia mara mbili kabla ya kurejea.

Wapo wasafiri wengine wa Kilungu ambao mjadala huu hauwahusu kabisa, ingawa ndio huketi kwa muda mrefu zaidi uwanjani. Hao ni vijana wanaokwenda Saudi Arabia, Qatar na Milki za Kiarabu kwa mikataba ya kazi ambayo kwa kawaida huwa ya miaka miwili. Huruka mara moja kwenda na mara moja kurudi. Hawana mshahara wa Kenya wa kudhamini kadi ya mkopo, na tiketi zao mara nyingi hununuliwa na mawakala wanaotafuta nauli ya chini, hata kama itamaanisha kusubiri ndege ya pili usiku kucha. Mwaka wa 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya Dola bilioni 4.9. Sehemu ya fedha hizo ilichumwa na watu waliolala juu ya mabegi yao viwanjani.

Kundi lenye utata zaidi ni la tatu, nalo ni la wazazi.

Katika vijiji vingi vya Kilungu hakukosekani mama wa umri wa miaka 65 au 70 ambaye binti yake anaishi Marekani na amejifungua. Mama huyo ataitwa kwenda kumlea mjukuu kwa miezi kadhaa. Hajawahi kupanda ndege. Magoti yanamsumbua, dawa za shinikizo la damu zimo mkobani, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Kwake yeye ukumbi wa mapumziko si anasa. Kiti cha heshima, choo kilicho karibu na chakula asichohitaji kukinunua kwa fedha asizozifahamu vinaweza kumwondolea mateso ya saa tano au sita katika uwanja wa kuunganishia ndege.

Kinaya ni kwamba kadi ya mwanawe wa Nairobi haimsaidii. Haki ya kuingia hufungwa kwa jina la mwenye kadi, naye sharti awepo. Mgeni huruhusiwa tu akiwa ameandamana naye, na aghalabu hutozwa. Mwana aliyelipa Sh20,000 kwa mwaka ili "familia isafiri kwa raha" atagundua kwamba familia hiyo ni yeye mwenyewe. Baadhi ya benki hutoa kadi ya ziada kwa jamaa, lakini si kila kadi ya ziada hubeba haki ya ukumbi, na jambo hilo linafaa kuulizwa kwa maandishi kabla ya fomu kutiwa sahihi.

Kwa mama kama huyo zipo njia tatu za nafuu. Ya kwanza ni kumchagulia safari isiyo na kituo. Tangu Oktoba 28, 2018, Kenya Airways imekuwa ikiruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, safari ya takriban saa 15. Nauli inaweza kuwa juu zaidi, lakini tofauti hiyo mara nyingine huwa fedha bora kuliko ada ya kadi yoyote. Asiyepotea Doha au Amsterdam hahitaji ukumbi wa Doha au Amsterdam.

Ya pili ni kiti cha magurudumu. Huduma hii hutolewa na mashirika ya ndege bila malipo kwa abiria anayeiomba mapema, ikiwezekana saa 48 kabla ya safari. Mhudumu humpokea mzee kwenye kaunta, humpitisha katika ukaguzi na uhamiaji, na kumfikisha kwenye lango la ndege. Katika uwanja wa kuunganishia ndege hupokewa tena. Wazee wengi huikataa kwa kuona kwamba ni ya walemavu pekee, au kwa kuhofia kuaibika mbele ya majirani waliokuja kuwasindikiza. Hiyo ni haya isiyo na faida. Kwa mzee asiyejua kusoma mbao za matangazo, mhudumu mwenye kujua njia ni bora kuliko ukumbi ambao hataweza kuupata.

Ya tatu ni kununua ziara moja tu. Kumbi nyingi huuza nafasi kwa abiria yeyote, mlangoni au mapema kupitia intaneti, na mwana anaweza kumlipia mama yake akiwa kwenye dawati lake Nairobi. Kwa ziara mbili atatumia takriban Sh9,000 kwa bei zilizotajwa, mara moja, bila ada ya kila mwaka kumfuata. Pale ambapo kusubiri kunazidi saa nane, ni busara kuuliza kwanza kama shirika lenyewe hutoa chumba cha hoteli. Ethiopian Airlines, kwa mfano, imekuwa ikiwapa vyumba Addis Ababa abiria wanaotimiza masharti ya muda huo. Kumbi nyingi, kwa upande wao, huweka kikomo cha saa tatu.

Upo upande wa suala hili ambao watangazaji wa kadi hawaugusi, nao unahusu hali ya uwanja wenyewe.

Sababu inayotolewa na wengi kwa kutamani ukumbi ni kwamba JKIA huchosha. Malalamiko hayo yana msingi. Agosti 7, 2013 moto uliteketeza ukumbi wa abiria wanaowasili kutoka nje ya nchi. Desemba mwaka huo ujenzi wa jengo jipya la Greenfield ulizinduliwa kwa mbwembwe, likikadiriwa kugharimu Sh56 bilioni na kuhudumia abiria milioni 20 kwa mwaka. Mwaka wa 2016 mradi huo ulifutwa. Usiku wa Agosti 25, 2023 umeme ulipopotea kote nchini, uwanja ulitumbukia gizani. Katika misimu ya mvua iliyofuata, picha za paa linalovuja zilisambaa katika mitandao.

Ukumbi wa kulipia unaponya mangapi kati ya hayo? Machache sana. Ukumbi huo upo baada ya kaunta, baada ya ukaguzi na baada ya uhamiaji. Mateso makubwa ya JKIA hutokea kabla ya hapo: katika foleni ya magari langoni, kwenye ukaguzi ambapo abiria hushuka na kutembea kwa miguu, na mbele ya kaunta zisizofunguliwa.

Siku iliyothibitisha hayo ni Septemba 11, 2024. Wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma kupinga mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uendeshaji wa JKIA kwa miaka 30. Safari zilikwama tangu usiku wa manane, na mamia ya abiria wakajikuta nje ya majengo wakiwa na masanduku yao. Mwenye kadi ya rangi nyeusi na asiye na kadi yoyote walisimama kwenye saruji moja, kwa kuwa hapana aliyeweza kuufikia mlango wa ukumbi bila kwanza kupitia kwa wafanyakazi wale wale waliokuwa wamegoma. Mpango wa Adani ulifutiliwa mbali na Rais William Ruto Novemba 21, 2024. Jengo jipya bado lilikuwa halijasimama.

Hapa ndipo kadi hizi zinapogusa maslahi ya umma na si mfuko wa mtu mmoja tu. Wenye sauti, yaani wasafiri wa mara kwa mara ambao malalamiko yao yangesikika wizarani, wanapouziwa chumba chao cha pembeni, huacha kulalamikia ukumbi wa wote. Viti vibovu kwenye malango ya ndege havimsumbui tena mkurugenzi aliyeketi kwenye sofa. Humsumbua mama wa Nunguni na kijana wa mkataba wa Riyadh, ambao hawana wa kumpigia simu.

Isitoshe, hata hao wenye kadi hawana hakika ya kesho. Marekani, ambako biashara hii imekomaa, ahadi zimekuwa zikipunguzwa mwaka baada ya mwaka. Tangu Februari 2023, wenye kadi ya Platinum ya American Express walianza kutozwa Dola 50 kwa kila mgeni katika kumbi za Centurion, isipokuwa wametumia Dola 75,000 kwa mwaka. Februari 2025 shirika la Delta liliwawekea wenye kadi hiyo kikomo cha ziara 10 kwa mwaka katika kumbi zake. Mwaka huo huo ada ya kadi yenyewe ilipandishwa kutoka Dola 695 hadi Dola 895. Nchini India, benki kadhaa zimewataka wateja watumie kiasi fulani cha fedha katika robo ya mwaka iliyotangulia ndipo waruhusiwe kuingia.

Sababu ni moja: kadi zilitolewa nyingi mno, kumbi zikafurika, na benki zikachoshwa na ankara za mitandao. Ukumbi uliojaa una haki ya kumrudisha mwenye kadi mlangoni, na masharti husema hivyo waziwazi. Hapana sababu ya kuamini kwamba benki za Nairobi zitakuwa na moyo mkunjufu kuliko za New York au Mumbai. Anayekata kadi leo kwa ajili ya ziara zisizo na kikomo anafaa kusoma kifungu kinachoipa benki uwezo wa kubadili manufaa kwa kutoa ilani tu.

Hayo yote hayamaanishi kwamba kadi ni ulaghai. Mhandisi wa Kilungu anayekwenda Kigali, Lagos na Johannesburg mara 10 au 15 kwa mwaka, anayelipa deni lake lote kila mwezi na anayehitaji mahali pa kufanyia kazi kabla ya ndege, atafaidika. Kwake intaneti tulivu kwa saa mbili ni mshahara. Na kama mwajiri ndiye anayelipa ada hiyo, hana la kufikiria. Mashaka ni kwa wale wanaoichukua ili wawe kama mhandisi huyo, ilhali safari yao kubwa ya mwaka ni ya Desemba, kutoka Nairobi hadi Nunguni.

Wengi wa hao hata wakienda Mombasa hawapandi ndege. Hupanda basi, au hushuka hadi Emali kupanda Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017. Katika kituo cha Emali kadi haifungui mlango wowote.

Kwa anayesitasita, taarifa ya benki ya miezi 12 iliyopita itamjibu vizuri kuliko ajenti wa mauzo. Ahesabu mara alizoruka, mara alizofika uwanjani mapema kiasi cha kuweza kuketi, na miezi ambayo hakulipa deni lote. Kama idadi ya mwisho inazidi sifuri, kadi isubiri.

Tena haki ya ukumbi, kwa kiasi kikubwa, ni ya anayeondoka. Msafiri anayetua JKIA saa saba usiku akiwa na masanduku mawili hana kiti alichowekewa na benki. Atatoka hadi eneo lile lile la kuegesha magari, na kwa kuwa ni nadra kupata matatu ya kupanda Nunguni saa hizo, atategemea kwamba lile gari la ukoo lilitoka Kilungu mapema na kwamba kuna aliyekumbuka kubeba chupa ya chai.